Fito Hazilipi Ushuru

Mwaka ule sikuweza kukaa. Nikipika, naacha chungu nakwenda mlangoni; nikifua, naacha nguo kwenye karai nasikiliza kama kuna lori linakuja. Mpanda nzima ilikuwa hivyo. Reli ilikuwa mpya, mgodi unanguruma mchana kutwa, na kila garimoshi lilishusha wageni waliouliza pa kulala. Hapakuwa na pa kulala. Mimi na mume wangu tulipanga chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, na mama yangu, mjane, alikuwa peke yake kijijini Sibwesa, macho yakianza kumwacha.

Kumleta kwenye chumba kimoja haikuwezekana. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nilikuwa nimeyaweka matumaini yangu yote kwenye nyumba ndogo ambazo ofisi ya mji ilikuwa inatujengea kule Nsemulwa sisi tusio watu wa mgodi: vyumba viwili, kodi nafuu. Kuta za yetu zilikwisha, zikasimama uchi zikingoja fito za kupaulia, na mawingu yameshaanza kukusanyika.

Porini fito zilikuwa tele. Malori ndiyo hayakutaka kuzibeba, kwa sababu kila lori lililolala uwanjani karibu na stesheni lilitozwa ushuru, na faida ya fito haikufikia ushuru huo. Basi ofisi ikatangaza kwamba lori lenye vifaa vya nyumba zile lilale bure. Mlinzi wa uwanja, mwenye kuinua na kushusha mti wa kizuizi, alikuwa mume wangu. Mshahara wake ulitoka kwenye ushuru huohuo.

"Kila lori ninalolipitisha ni paa lako," aliniambia akicheka bila furaha, "na ni jembe linalochimba kaburi la kazi yangu."

"Basi chimba," nikamwambia. "Kazi utapata nyingine. Mama mwingine mimi sipati."

Madereva hawakukawia kujifunza. Walijaza mpunga wa biashara chini, wakatandaza fito juu, wakalala bure. Bwana shauri, mkubwa wa ofisi, alisikia, akasema ikitokea tena, msamaha umekwisha. Nikajua maana yake: fito hazitakuja, na matofali yetu mabichi yatanyeshewa mpaka yarudi kuwa tope. Tangu siku hiyo mume wangu alipanda juu ya kila lori na kuchokoachokoa kwa chuma kirefu, na karani wa ofisi alikuja jioni kusimama pembeni, akimtazama.

Jioni moja nilimpelekea chakula. Likaja lori la fito kutoka njia ya Sibwesa, limelalia matairi ya nyuma. Juu kabisa amekaa mwanamke mzee, kitambaa kichwani, kuku mapajani. Alikuwa mama. Nilikuwa nimempelekea salamu asubiri mpaka nyumba iezekwe, lakini dereva alimwambia panda, twende, hutalipa kitu. Dereva huyo alikuwa mtu wa kwetu. Alijua alichokuwa anafanya.

Mume wangu alikuwa ameshakanyaga tairi apande. Akainua macho, akamwona, akashuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akageuza mgongo. Karani akauliza mbona hakagui. Taniboi wa lori akaanza kucheka.

"Shemeji, inua mti," dereva akasema kwa upole. "Au unataka kumpekua mama mkwe?"

Nilitazama chuma mkononi mwa mume wangu. Akiinua mti, karani ataripoti. Akipanda, hatasimama tena mbele ya watu wa kwetu. Nikaanza kwenda mimi, nipande mwenyewe, na kabla sijafika mama akasema kutoka juu, uso ameuelekeza relini:

"Mwanangu, mwambie huyo mwenye lango kwamba fito hizi ni safu moja tu. Nimekalia mpunga tangu nyumbani, na magunia yameniumiza."

Nikageuka, nikayarudia maneno yote kwa mume wangu, ingawa alikuwa hapohapo na ameyasikia. Ndivyo inavyotakiwa.

"Mwambie mama nimesikia," akasema. "Na huyo dereva alipe."

"Mama, nimekubeba bure," dereva akalalamika, "halafu unaniuza?"

"Hukunibeba, baba. Umenifanya turubai."

Hata karani alicheka. Dereva alilipa, na msamaha ukabaki. Lakini mama alikuwa ameshafika, jua linazama, nyumba haina paa. Mume wangu, bado mgongo kwetu, akatundika ufunguo wa chumba kwenye msumari wa nguzo, akasema kibanda cha mlinzi kinamtosha. Akalala humo mpaka tulipoezeka. Asubuhi nilimpelekea uji, nikirudi nikiwaza mvua itatangulia au fito.

Fito zilitangulia, kidogo tu. Na malori yasiyolipa yalipozidi yanayolipa, ofisi iliona haihitaji mlinzi. Siku ya kwanza bila kazi mume wangu hakuketi. Nyumba mpya tuliyohamia ilikuwa na mlango mmoja, na watu wawili wasioweza kukutana mlangoni. Alichukua nyundo na tindo, akaanza kutoboa ukuta wa nyuma amtolee mama mlango wake, na mama, ndani ya chumba chake, vumbi likimwangukia, akaniita.

"Mwambie asipandishe sana," akasema. "Mimi si twiga."