Yudith na Nywele za Kimo cha Uwele

Yudith wa kijiji cha Mkonze alikuwa na kichwa kizuri, na alijua hivyo. Kilikaa sawasawa juu ya shingo, hakikuwa na bonde wala nundu ya kuficha, na nywele zake alizikata fupi, kimo cha punje ya uwele, basi. Wanawake wenzake walisokota zao, wakazipaka mafuta na udongo mwekundu mpaka zikang'aa, na kusema kweli walipendeza. Lakini mtu asije akakudanganya kwamba ni raha kulala na kichwa cha namna hiyo. Yudith alijaribu miaka miwili tangu alipoolewa na Matonya. Alijikuna, akajikuna, mwisho akachoka.

Basi siku moja, mumewe akiwa safarini, akaenda Dodoma stesheni. Reli ilikuwa imefika juzijuzi tu, na Wajerumani walitembea kando yake wamevimba kana kwamba wameizaa wenyewe. Hapo alimkuta Bashiri, mchuuzi wa Kondoa, ametandaza bidhaa zake chini. Akampa kikapu cha karanga, naye akampa wembe.

Usifikiri alinyoa ovyo. Kila mwezi ulipoandama, aliosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akatia kiganjani matone ya mafuta ya nyonyo aliyokamua mwenyewe, akajisugua polepole mpaka ngozi ikalainika. Kisha aliziinua nywele kwa kitana cha mti, na wembe ukapita juu ya kitana, si chini yake. Kisogoni alifanya kwa kupapasa. Zilizoanguka alizikusanya zote akazifukia. Halafu alitoka nje, upepo ukampita kichwani, na raha yake we acha tu.

Tatizo lilikuwa moja, na halikuwa dogo. Kwa Wagogo wa siku hizo, mwanamke akionekana na kichwa kifupi, hakuna anayemwambia amependeza. Wanamuuliza, nani kafa? Nywele zilinyolewa kwa msiba. Mwezi wa kwanza wanawake wanne walimlilia njiani kabla hajawahi kufungua kinywa, na mmoja alikasirika kabisa aliposikia kwamba hakuna maiti.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Matonya, mwanawe wa pekee, alikuwa amekwenda kujenga reli, iliyokwisha kupita Zuzu na sasa ilikuwa inaelekea Tabora. Miezi tisa, hakuna salamu. Isitoshe walikuwa wameagana vibaya. Mama alimtaka ajifiche milimani mtu wa jumbe, aliyekusanya vibarua wa reli, asimkute, Matonya akasema anakwenda kwa hiari yake, wakarushiana maneno. Asubuhi ya safari mama hakutoka nje, na mwana hakuingia ndani. Sasa bibi huyu, mjane aliyebaki na uchungu wa namna hiyo, kila akiinua macho anaona kichwa cha mkwewe kinatangaza kifo.

"Unamwitia mwanangu mauti," alimwambia Yudith. "Akirudi akakukuta hivyo, nitamwambia akurudishe kwa baba yako, na ng'ombe wetu warudi."

"Nimesikia, mama," Yudith alijibu, akakusudia kuziachia ziote. Alimpenda Matonya, hakutaka kurudishwa kwao kama kikapu kilichotoboka. Aliziachia mwezi mzima. Mwezi ulipoandama, mkono ukamwasha, akatwaa wembe. Mtu ana nyoyo ngapi, jamani.

Kesho yake alasiri alikuwa anapepeta uwele uani, mama mkwe yuko ndani ya tembe anasaga. Yudith akainua macho, akamwona mwanamume anakuja na njia, mzigo begani, mwendo anaoujua. Alikuwa Matonya. Moyo wake ulifurahi, papo hapo ukaogopa. Akataka kujitanda nguo kichwani, lakini alikuwa amechelewa.

Matonya alikwisha kukiona kile kichwa. Alisimama. Akapiga hesabu yake upesi: mimi ni mzima, mtoto hatuna, baba alikufa zamani. Nyumba hii mzee aliyebaki ni mmoja. Mzigo ukamponyoka begani, akapiga magoti palepale kwenye mlango wa zizi, akaanza kulia kwa sauti.

Ndani jiwe la kusagia lilinyamaza.

"Mama," alilia Matonya, "nilikuja mpaka mlangoni siku ile. Nilikusikia unakohoa. Nikaona aibu kuingia, nikaondoka kama mwizi. Kila siku nilisema nikirudi nitaomba radhi. Nimekuletea tumbaku, mama. Nitampa nani sasa?"

Yudith aliacha ungo akaruka amwambie ukweli, lakini alipopita kwenye kizingiti cha tembe mkono wenye unga ulimshika. Mama mkwe alikuwa amesimama kivulini, machozi yanamtiririka.

"Mama, anaumia. Tumwambie."

"Mwache kidogo," alinong'ona bibi. "Bado hajamaliza."

Kumbe Matonya alikuwa hajamaliza kweli. Alitaja maziwa aliyofichiwa mwaka wa njaa, akataja homa ya utotoni na mgongo uliombeba mpaka Dodoma kwa mganga. Alitaja mambo ambayo mama mwenyewe alidhani hakuna aliyeyakumbuka. Alipofika pa kusema kwamba hana tena mtu wa kumkemea, bibi akajifuta uso, akatoka juani.

"Inuka," alisema. "Unawatisha ndama."

Matonya nusura akimbie. Alimgusa mama yake miguu, akamgusa mikono, akacheka huku analia, ikachukua muda mpaka akili zikamrudi. Ndipo akamgeukia mkewe, akamtazama kichwa.

"Sasa kafa nani?"

Hapa ndipo ng'ombe wanaporudi, Yudith alijiambia, na mimi napishana nao njiani. Akamtazama mama mkwe, akasubiri hukumu.

"Hakuna aliyekufa," bibi alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia azikate."