Taya la Fundi Cherehani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na pini zake alizihifadhi midomoni. Tulimtania kwamba akipiga chafya atatushona wote. Pini hizo ndizo zilizomshtua: upande wa kushoto hazikukaa tena. Taya la chini lilikuwa limevimba polepole, bila maumivu, na jino la mwisho lilikuwa likicheza.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umejaa vishimo kama povu la sabuni. Kipande kidogo kikapimwa kwa darubini: si saratani. Tulishukuru Mungu. Daktari akaukwangua uvimbe, na shangazi akarudi kwenye cherehani.

Kisha ukarudi, mkubwa zaidi. Safari hii niliwasindikiza yeye na mumewe, ambaye kwa upole wake tunamwita Taratibu.

"Uvimbe huu hausambai mwilini," daktari alisema, "lakini una mizizi. Kwenye darubini seli zake zimejipanga ukingoni kama uzio, na vijidole vyake vinapenya mfupa unaoonekana mzima. Ndiyo maana mara ya kwanza nilitaka kukata nje ya mpaka wake. Mzee akaniambia mmeshauriana, nikwangue tu."

Shangazi akamgeukia mumewe. "Tulishauriana lini?"

"Nilitaka sura yako ibaki, mama watoto. Watu wangekucheka."

"Watu gani? Wana majina?"

Taratibu akakuna goti.

Mimi nilichemka. "Na wewe, daktari? Mwenye taya alikuwa benchini nje, na masikio yake yote mawili. Ulishindwa kumwita?"

Nimesoma, nimeimba nyimbo za haki vyuoni, lakini sijawahi kuona haki ikiporwa kwa sauti ya chini namna ile, na watu wenye nia njema.

"Mimi kitambaa cha mteja sikigusi kwa mkasi kabla hajasema anataka nini," shangazi akasema. "Wewe, mume wangu, umenikatia mwili wangu bila kuniuliza." Akamgeukia daktari. "Sasa utakata wapi?"

Daktari akachora kwa kidole, kutoka karibu na sikio hadi kidevuni. Mara ya kwanza, alisema, kingetosha kipande kidogo.

"Kata. Nimekubali mimi."

Tulipoinuka, Taratibu akanyoosha mkono ambebee mkoba, kama kawaida yake. Shangazi akauhamishia bega la pili, akatangulia mlangoni.