Mbeyu na Sanamu Isiyo na Uso

Mbeyu alijifunza kutumia tezo kwa baba yake, fundi wa mashua pale Liwatoni. Alipofika miaka thelathini na kitu alikuwa akifundisha kazi za mikono katika shule moja ya Ganjoni asubuhi, na alasiri akichonga katika chumba cha chini alichokodi Mji wa Kale, kwenye nyumba ya Bi Mwanakhamis. Mwenye nyumba alimpa sharti moja, vumbi lisipande juu. Habari ya sanamu haikutajwa, kwa kuwa wakati huo, mwaka 1993, Mbeyu alichonga masanduku na fremu za vioo tu.

Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Hakuacha picha hata moja. Kamera aliiogopa maisha yake yote. Mbeyu akatafuta gogo la mvule akachonga kichwa chake kwa kumbukumbu: paji pana, kidevu kifupi, jicho la kushoto lililolegea. Kaka yake Crispus, karani wa bandarini, alipokiona alikaa chini palepale kwenye maranda.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe."

Siku moja Bi Mwanakhamis alishuka kuuliza habari za mfereji uliokuwa ukivuja, macho yake yakaangukia kile kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Ni marehemu mama, Bi."

"Pole, mwanangu." Akakisogelea. "Waweza kumtia roho?"

"Siwezi."

"Sisi twaamini mwenye kuchonga kiumbe ataambiwa siku ya kiyama akitie roho, na hataweza. Sikufukuzi. Lakini mimi hulala juu ya chumba hiki."

Mbeyu alikifunika kichwa kwa leso. Hakukasirika, ila lile swali la roho halikumtoka. Shule zilipofungwa alikwenda Kaloleni kwa mjomba wake Baya, ambaye alikuwa amemsimamishia baba yake mwenyewe, babu wa Mbeyu, kigango, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka mzee aliyekufa. Kichwa cha nguzo kilikuwa duara bapa, macho matundu mawili, sawa na vigango vingine vilivyokuwa kando yake.

"Mjomba, mbona hakifanani na babu?"

"Nani aliyetaka kifanane?" Baya alishangaa kweli. "Alikuja ndotoni, akalalamika hana pa kukaa. Tukamfanyia pa kukaa."

"Na uso wake?"

"Uso tulimzika nao."

Njiani kurudi aliyapima maneno ya wale wawili, ambao hawakuwahi kuonana. Mmoja alikataza sura kwa sababu uhai ni wa Mungu. Mwingine hakuihitaji, kwa sababu aliyekufa hakai katika sura. Mbeyu akaona kwamba kile kichwa hakukichonga kwa ajili ya mama yake. Alijichongea mwenyewe, apate kitu cha kushikilia. Alipofika alitwaa patasi akaanzia puani. Lile jicho aliliondoa mwisho. Jioni ulibaki mviringo laini, uliosimama juu ya shingo.

Crispus alikuja Jumamosi.

"Mama yuko wapi?"

Akamwonyesha, akamweleza yote, ya Bi Mwanakhamis na ya mjomba. Crispus alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo ni fikra zako," alisema. "Mimi nilitaka kumwona tu. Ile sura haikuwa yako peke yako."

Akaondoka, na zaidi ya mwaka hakukanyaga pale.

Tangu hapo Mbeyu alichonga watu wasio na nyuso: wanaoinama, waliobeba mizigo, walioketi wakingoja. Bi Mwanakhamis aliziita sanamu hizo vigogo, na hakuvilalamikia. Mwaka 1996 vilionyeshwa katika ukumbi mmoja mjini, na mwandishi wa gazeti, Winnie, akamuuliza falsafa ya kazi yake ilitoka wapi. Mbeyu alimsimulia.

"Na kaka yako je?" Winnie aliuliza.

"Hakukubali. Na sina hakika kwamba alikosea."

Jibu hilo liliandikwa kama lilivyo. Crispus alilisoma kazini, na jioni akaja hadi mlangoni kwa Mbeyu, akapiga hodi kama mgeni.

"Sura yake imeanza kunipotea," alisema.

"Hata mimi."

"Basi jaribu tena."

Alijaribu, nyumbani kwa Crispus huko Changamwe, ili asimuudhi mwenye nyumba wake. Paji lilikubali. Pua ilitoka ya mjomba Baya, na kidevu, kila alipokipunguza, kilizidi kuwa cha Crispus. Jicho alilirudia mara nyingi, kisha akaliacha. Walisimama wote wawili wakikitazama kichwa hicho, na hakuna aliyesema kwamba si yeye.

Crispus alikiweka juu ya kabati la vyombo. Wageni wakiuliza, huwaambia ni mama. Mbeyu akiwapo hamsahihishi. Humaliza chai yake, kisha hurudi mjini kwenye kazi yake.