Pamba ya Butimba

Soko huria lilituletea kompyuta kwenye kiwanda cha pamba. Bosi alinisimamia mgongoni: "Hesabu magunia yaliyotoka kwa wakulima wa Magu na kumwagiwa maji ili yaongeze uzito."

Niliandika fomula: gunia lihesabiwe tu likitimiza masharti yote mawili. Ikatoka sifuri.

"Mashine yako inanichezea?"

Nilipandwa na hasira. Fomula yangu haikuwa na kosa. Mpima mizani, mzaliwa wa Magu, ndiye aliyeandika kila gunia lilikotoka. Alikuwa amesimama mlangoni.

Sharti la maji nililiacha vilevile. La mahali nikaligeuza: popote, isipokuwa Magu. Magunia yakajaa kwenye skrini, karibu yote yameandikwa Butimba.

Bosi akamgeukia mpima polepole. Butimba kuna chuo cha ualimu. Pamba pekee ya kule imo ndani ya magodoro ya wanachuo.