Fenesi Lililokaguliwa Stendi

Jana jirani kapasua fenesi, harufu ikaingia mpaka chumbani kwangu, na mimi huyo nikawa nimerudi stendi ya Msamvu, mtoto, peku.

Wiki ile bomu lilikuwa limelipuka Dar. Wanunuzi wakaogopa safari, hawapandi tena mlimani kwetu. Mama akateremsha mafenesi mwenyewe ayatume kwa basi kwa tajiri wake, mnunuzi wa Dar, maana yalishaiva na yangeoza. Akaniambia, "Kaa juu ya gunia, usibanduke," akaenda kumtafuta konda. Mimi na akili zangu hizi zilizoishia darasa la sita, nikabanduka kwenda kutazama chapati zinavyogeuzwa.

Narudi, abiria wamekimbilia mbali, gunia liko peke yake, askari analikodolea macho kama linataka kumsemesha.

"Shikamoo afande. Ni mafenesi."

"Marahaba. Rudi nyuma."

Mama akafika na konda. Konda kuona vile akagoma. "Mama, mzigo uliotelekezwa sipakii. Siku hizi tunaogopa."

Mama akatoa fenesi kubwa kuliko yote, akalipasua palepale. Kipande cha kwanza akala yeye, cha pili akampa askari. "Kagua, baba."

Askari akakagua mpaka ndevu zikanata utomvu. Abiria wakarudi mmoja mmoja, kila mtu anataka kukagua.

Konda akalipakia gunia mwenyewe, analamba vidole.

"Mwambie tajiri wangu wiki ijayo apande mwenyewe," mama akamwambia. "Huku usalama upo, ila unakula sana."