Mvumo katika Chumba cha Maman

Mama yangu alipohama Bukavu kuja kuishi nasi Kamembe, nilimjengea chumba nyuma ya sebule. Nyaya za umeme nilizitandaza mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Alivuka mpaka na sanduku lake, Biblia, uzi wa kufumia vitambaa, na kifaa kidogo cha kumsaidia kusikia alichonunuliwa na dada yangu. Siku ya tatu nilimkuta amehamishia kiti chake mlangoni. Siku iliyofuata kilikuwa ukumbini, na yeye hakufuma hata mstari mmoja.

"Papa," aliniambia. Kwetu mama humwita mwanawe hivyo akimpenda, na pia akiwa amemchoka. "Mule ndani kuko kitu kinavuma."

"Ni malori ya saruji, Maman. Yanatoka Muganza tangu asubuhi."

"Lori inapita, inaenda. Hii inakaa. Kisha inanyamaza, kisha inaanza tena."

Niliingia, nikasimama katikati ya chumba, nikabandika sikio ukutani. Sikusikia kitu. Mke wangu alisema taratibu kwamba labda ni uzee, nami nikalipokea neno hilo haraka kuliko ilivyofaa. Fundi hapendi kuambiwa kuna kitu katika ukuta alioutoboa mwenyewe. Jumapili nilimpigia dada yangu simu, nikamwambia masikio ya Maman yameanza kumdanganya.

Dada yangu hakunyamaza nalo. Jumatatu nilirudi kula mchana nikakuta sanduku liko kitandani, wazi, nguo zimekunjwa.

"Unaambia bantu kama miye nimeanza kupotea?" Maman aliniuliza. Hakupaza sauti.

Nilimwomba anipe kile kifaa nikivae. Alikitoa sikioni, akakifuta kwa kitenge, akanipa. Nilipokiweka tu, mvumo ukanijaa kichwani, mzito na wa sauti moja, kama nyuki waliofungiwa ndani ya chupa. Nikasogea mlangoni ukapungua. Nikatoka uani ukaisha. Nikarudi ndani, nao ukarudi.

Kifaa kilikuwa na kiswichi ubavuni. Muuzaji alimwambia Maman akiache mahali ambapo kinapokea sauti za watu na za simu pamoja, kwa sababu dada yangu humpigia kila siku. Nilikisogeza kwenye sauti za watu peke yake. Kimya.

"Basi, Maman, imekwisha."

Alikivaa, akasikiliza, akanitazama. "Imekwisha kwa sikio. Kwa ukuta je?"

Niliondoka kwenda kazini nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake, ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kile kifaa hakina uwezo wa kubuni sauti. Ndani yake mna koili ndogo inayonasa sumaku ya simu. Umeme ukipita kwenye waya huzungukwa na sumaku, lakini waya wa kupeleka na waya wa kurudisha zikilala pamoja, sumaku ya mmoja huifuta ya mwenzake. Kama koili ile ilikuwa inavuma chumba kizima, basi mahali fulani katika nyumba yangu umeme ulikuwa unakwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Nilikosea vipimo mara mbili mchana huo. Saa tisa nilifunga mkoba, nikarudi nyumbani.

Nilimrudisha Maman kwenye kiti chake, kiswichi kikiwa pale kilipokuwa mwanzo. Nilizima taa zote, akatikisa kichwa: bado. Nikazima upande wa jikoni, akainua mkono: imenyamaza. Nilidhani ni friji. Nikalichomoa, nikawasha upya, nikachomeka pasi mahali pale pale. Mke wangu alisimama ukumbini akipitisha maneno kati yetu.

"Anasema inavuma!"

Kumbe halikuwa friji. Nilipanda darini na tochi, nikafungua kisanduku cha kuungia nyaya kilicho juu ya chumba cha Maman. Waya wa kurudisha wa jikoni na ule wa sebuleni nilikuwa nimezisokota pamoja, nikazifunga kwa utepe mweusi. Niliikumbuka siku ile. Waya ulikuwa umebaki mfupi, mvua inakuja, nikasema umeme hauchagui njia. Haukuchagua kweli: ulikuwa ukirudi kwa njia zote mbili, ukikizunguka chumba cha mama yangu. Tena ni hatari, kwa kuwa fundi anaweza kuzima upande mmoja akidhani waya umekufa, kumbe umeme unamjia kwa upande wa pili.

Nilizitenganisha, nikavuta waya mpya. Nilishuka nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, nikamwambia, "Ni mimi, Maman. Nilifunga vibaya."

"Ndiyo," alisema, akachukua uzi wake.

Nilidhani ningetulia. Badala yake nikaanza kuzipitia kichwani nyumba zote nilizowahi kuzifanyia kazi, na mvua zote, na vipande vyote vya waya vilivyobaki vifupi. Chakula kilinishinda. Maman ndiye aliyesema twende tukasikilize.

Kwa hiyo tulizunguka Kamembe, mimi na mkoba, yeye na sikio lake. Aliketi kwenye sebule za watu, akihama kiti hadi kiti, wenye nyumba wakimpa chai bila kuelewa. Mara nyingi alitikisa kichwa tukaondoka. Katika nyumba ya muuza vitambaa mmoja karibu na msikiti aliinua kidole kabla hajamaliza kukaa.

"Mzee," nilimwambia mwenye nyumba, "kazi yangu hapa ina kasoro. Niruhusu niirekebishe."

"Miaka yote hii taa zinawaka. Leo unakuja na mama yako kuniambia ni mbovu?"

"Zitaendelea kuwaka. Lakini atakayezishika baadaye anaweza kuumia."

Alinionyesha ngazi. Nilikuta kosa lile lile, utepe ule ule. Tangu hapo hakuniita tena kwa kazi yoyote, na alikuwa na haki.

Maman alikaa nasi hadi mvua zilipokwisha, kisha akavuka kwenda kwa dada yangu, aliyekuwa amejifungua. Zimebaki nyumba chache upande wa Nkungu ambazo sijazifikia. Mbili zimepata wamiliki wapya, na mmoja wao amekataa kunifungulia. Hupita mbele ya nyumba hiyo nikienda kazini, na hupunguza mwendo.