Kumbikumbi wa Chumba cha Nyika

Nilisikia vyura kabla sijaiona nyumba yenyewe. Kilikuwa kiangazi mtaani Karen, nyasi za kando ya barabara zimekauka, lakini nyuma ya ua wa michongoma vyura walilia kana kwamba mvua ilinyesha usiku kucha. Mlinzi alinifungulia geti nikaona vioo, vimepanda hadi usawa wa mikalitusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Kabla ya hapo nilichora mifumo ya majitaka, kwanza katika ofisi moja ya katikati ya jiji, kisha kwenye maghorofa ya Kileleshwa. Mhandisi Mkuu, Bwana Jaswant, Mkalasinga mwenye sauti ya chini, aliniambia kwamba hapa sitayatoa maji nje. Kila tone litazunguka humo humo.

"Nyumba inayojitegemea haiombi jirani chumvi," alisema.

Kanuni yake ilikuwa moja. Tukishafunga, mtu anaweza kutoka, lakini hakiingii kitu. Tulijenga milango miwili yenye chumba kidogo katikati. Mmoja haufunguki mpaka mwingine ufungwe, ili hewa ya nje isipenye.

Ndani tulipanga msitu, kinamasi, shamba na nyika, kila chumba kikila mabaki ya kingine. Maji ya kuogea yalipita kwenye matete ya kinamasi, mizizi ikayasafisha, yakafika shambani. Nyika ndiyo iliyotutesa. Nyasi zikikauka lazima kiwepo cha kuzirudisha udongoni, la sivyo hulundikana na mpya hazioti. Kazi hiyo tuliwapa mchwa. Nyasi zilimlisha mbuzi, na mbuzi akawapa maziwa wakazi wetu wawili: Nekesa, mtaalamu wa mimea kutoka Bungoma, na Zahra, mkemia wa maji aliyelelewa Parklands. Walifungiwa humo waishi kwa kilichomo tu hadi muda wao uishe; jaribio hilo likivunjika, wafadhili wangebomoa kila kitu na kuuza kiwanja.

Unyevu ulipoanza kukila kichuguu chetu, tulitegemea kizazi kipya. Tungefungua mvua ya mabomba, kumbikumbi, mchwa wenye mabawa, waruke, waangushe mabawa na kuchimba pengine, pakavu. Waliruka jioni, wengi ajabu. Kupitia kioo nikamwona Nekesa akitega beseni la maji chini ya taa, kama wafanyavyo kwao. Nilipoifikia simu ya ndani, tayari walikuwa kikaangoni.

"Nekesa, unawala wafanyakazi wangu?"

"Ai, madam. Hii si ni mboga? Mimi nilidhani mmenipangia."

Nyuma yake Zahra alisikika akisema wanahitaji chumvi kidogo.

Bwana Jaswant hakucheka. Kichuguu kilikufa, nyasi zikalundikana, maziwa yakapungua. Nilimsihi aniruhusu niingize mchwa wachache ndani ya kopo.

"Wanjiru," akasema, "leo kopo, kesho gunia la unga. Basi tuiite hoteli."

Tukapiga hesabu upya: maziwa na mazao yangemtosha mtu mmoja. Nilipokuwa natafuta namna ya kuwaambia, Nekesa alipiga simu mwenyewe.

"Madam, mimi ndio nitoke. Zahra hali sana, na maji anayajua kuliko mimi. Wale wadudu walikuwa watamu, siwezi kudanganya. Lakini huyu mbuzi hawezi kututosha wawili."

Sasa nimestaafu, nakaa Muthangari, na vijana wanaosomea kazi hii huniuliza kama nyumba ile ilifaulu. Ilifaulu. Zahra alimaliza muda wake, na vioo vingali vimesimama. Lakini huwaambia kwamba tulipanga chakula cha chura na cha mchwa, tukasahau kupanga hamu ya mtu, ambaye naye ni kiumbe wa humo humo. Anayechora nyumba ya namna hii akae kwanza mezani na watakaoishi ndani, aone mikono yao inakimbilia nini.

Katika miaka yote ya kazi, asubuhi inayonirudia ni ile Nekesa alipotoka. Nilisimama nje ya kioo pamoja na Bwana Jaswant, ambaye alikuwa amevua miwani na kuifuta zaidi ya ilivyohitaji. Zahra alimsindikiza mwenzake mpaka mwisho wa shamba, mkono mmoja umeshika kamba ya mbuzi. Hawakukumbatiana kwa muda mrefu. Nekesa akamkwaruza mbuzi katikati ya pembe.

"Mnyweshe kwanza ndio umkame," akamwambia Zahra. "Na usimwimbie, hapendi."

Akaingia kwenye chumba kidogo cha kati ya milango miwili bila kugeuka, na mlango wa ndani ukafungwa nyuma yake.